Je, Ukomunisti Unapatana na Maumbile ya Mwanadamu?



Vijana wanaoitafuta haki mara nyingi huuliza hivi: "Ikiwa Mungu ni Mmoja, na wanadamu wote ni watoto wa Adamu, mbona mali isiwe ya wote? Je, wakomunisti hawakuikaribia haki zaidi kuliko watu wa dini?" Swali hili halifai kudharauliwa, wala halijibiwi kwa kuwatukana wakomunisti. Yafaa tulipime kwa mizani iliyo sawa.

Kwanza tukubali yaliyo kweli. Karl Marx na Friedrich Engels walipotoa tangazo lao mwaka 1848, watoto wadogo walikuwa wakifanya kazi katika viwanda vya Ulaya, na wenye mali walizidi kutajirika kwa jasho la watu wasio na kitu. Dini zilizopaswa kuwatetea wanyonge mara nyingi zilinyamaza. Basi uchungu ulioleta Ukomunisti ulikuwa uchungu wa kweli. Nayo ahadi yake, kwamba kila mtu atafanya kazi kadiri awezavyo na kupata kadiri ahitajivyo, ni ahadi inayopendeza masikioni.

Lakini twapaswa kuuliza: ahadi hiyo yamhitaji mtu wa namna gani? Yamhitaji mtu atakayelima kwa bidii ile ile, mavuno yawe yake au yasiwe yake. Je, mtu huyo yupo? Kurani Tukufu, katika Sura Al-Adiyat, yatufahamisha kwamba mwanadamu hupenda mali mapenzi makali. Aliyemwumba ndiye amjuaye. Na mapenzi hayo si uovu kwa asili yake, bali ni kama moto. Ukiachwa huru huteketeza nyumba, na ukizimwa kabisa watu hulala na njaa. Mahali pake ni mafigani. Ubepari uliuacha moto huu ukazagaa. Ukomunisti ukataka kuuzima.

Hebu tutazame yaliyotokea Urusi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, serikali mpya ilichukua kwa nguvu nafaka ya wakulima. Mkulima alipoona kwamba ziada yote yachukuliwa, alipunguza kulima. Njaa ikaingia, na mwaka 1921 Lenin mwenyewe akalazimika kugeuza njia: mkulima alipe kodi ya kiasi maalumu, na kinachobaki kiwe chake, auze apendavyo. Kilimo kikaanza kufufuka.

Lakini kuanzia mwaka 1929 Stalin aliwasukuma wakulima kuingia katika mashamba ya pamoja. Wengi waliona heri kuchinja mifugo yao kuliko kuitoa. Katika miaka ya 1932 na 1933 njaa kubwa iliua mamilioni ya watu katika Ukraine, Kazakhstan na sehemu nyingine, hali serikali ikiendelea kuwatoza nafaka. Mwezi wa Agosti 1932 ilitolewa sheria iliyoruhusu adhabu ya kifo kwa mwizi wa mali ya shamba la pamoja. Tazama, ndugu msomaji: mfumo ulioahidi kwamba watu watagawana kwa furaha ulihitaji bunduki ili kulinda masuke ya ngano yasichukuliwe na wale wale walioyapanda!

Hatimaye, kwa kanuni za mwaka 1935, kila kaya iliachiwa kijishamba chake kando ya nyumba. Kufikia miaka ya 1970 vijishamba hivi vilikuwa kama sehemu 3 tu katika 100 za ardhi iliyolimwa, navyo vilitoa karibu robo ya thamani ya mazao yote ya kilimo. Ni kweli kwamba humo zilikuzwa mboga na viazi na kufugwa wanyama, vitu vyenye thamani kupita nafaka. Lakini hata hivyo tofauti ilikuwa kubwa mno. Na aliyelima huku na kule alikuwa mtu yule yule, kwa mikono ile ile.

Uchina nako ushuhuda ni huo huo. Mwishoni mwa mwaka 1978 wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, katika jimbo la Anhui, walitia alama zao kwa siri katika mapatano ya kugawana ardhi ya jumuiya, kila kaya ilime sehemu yake. Walijua kwamba wangeweza kufungwa. Mavuno yaliyofuata yaliongezeka sana, na baada ya muda si mrefu serikali yenyewe iliueneza utaratibu kama huo katika nchi nzima.

Hapa kwetu hatuna budi kutofautisha. Mwalimu Nyerere, aliyeongoza Azimio la Arusha la mwaka 1967, hakuwa mfuasi wa Marx. Alikuwa mtu wa dini, na ujamaa aliusimamisha juu ya undugu, si juu ya vita vya matabaka. Hata hivyo wazee walioishi vijijini siku zile wanajua ni shamba lipi lililopaliliwa mapema, la kijiji au la nyumbani. Undugu hauwezi kuletwa kwa amri.

Pengine utasema, "Basi mwanadamu ni mchoyo tu, na hakuna dawa." La hasha! Sikiliza habari ya Madina. Waislamu wa Makka walipohama mwaka 622, waliacha mali zao zote. Mtume Mtukufu s.a.w. akawaunganisha Muhajirina na Ansari, wawili wawili, kuwa ndugu. Saad bin Rabii r.a., mwenyeji, alimwambia ndugu yake mgeni, Abdurrahman bin Auf r.a., kwamba yu tayari kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akakataa nusu ile, akaomba aonyeshwe njia ya kwenda sokoni. Akaanza kwa biashara ndogo, na baadaye akawa tajiri mwenye kutoa sana katika njia ya Mungu.

Zingatia pande zote mbili za habari hii. Mmoja alitoa nusu bila ya askari kumsimamia; mwingine aliona heri kula jasho lake. Maumbile ya mwanadamu yalitimia hapo: ukarimu na juhudi, wala kimoja hakikumwua mwenzake. Hata katika Biblia, kitabu cha Matendo ya Mitume chasimulia waumini walioshirikiana mali. Lakini katika sura ya tano Petro amwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na bei yake ilikuwa mikononi mwake. Kosa lake lilikuwa kusema uwongo.

Mwenye kuhoji aweza kuuliza: "Je, Zaka nayo si kulazimisha?" Naam, Zaka ni wajibu, kwa kuwa maskini ana haki katika mali ya tajiri. Lakini tazama kipimo chake: katika fedha ni sehemu moja katika arobaini. Mwenye mali hunyimwa riba, na afapo mali yake hugawanywa kwa warithi, ili, kama ifundishavyo Sura Al-Hashr, mali isizunguke baina ya matajiri peke yao. Yaliyobaki huachiwa moyo wake, nao moyo huo huelekezwa kwa Mungu. Hadhrat Khalifatul Masih wa Pili r.a. aliyapambanua mambo haya katika hotuba yake juu ya uchumi wa Kiislamu, aliyoitoa Lahore mwaka 1945, wakati Urusi ilipokuwa ikishinda vita na wengi wakistaajabia nguvu zake.

Dola ya Kisovieti ilivunjika mwezi wa Desemba 1991. Lakini tusishangilie upesi. Njaa iliyozaa Ukomunisti haikuvunjika pamoja nayo. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba si muumini yule ashibaye hali jirani yake ana njaa. Basi kama sisi tunaosema kwamba dini ndiyo dawa twafunga milango yetu jioni bila kujua kama jirani amepika, tumemjibu nini yule kijana aliyeuliza? Atatutazama, kisha atakwenda kuwatafuta wengine wenye ahadi mpya, nasi tutakuwa na sehemu katika upotevu wake.

Ndugu msomaji, jibu la swali hili halitapatikana vitabuni peke yake. Hesabu mali yako, utoe haki iliyomo. Kisha ongeza kidogo ambacho hapana sheria inayokudai, wala hapana mtu anayekuona. Hapo utajua mwenyewe kwamba mwanadamu aweza kugawana alicho nacho, akimjua Yule aliyempa.

Mwenyezi Mungu atupe mikono yenye bidii na mioyo yenye huruma. Amin.