Halali Ndiyo, Lakini Je, ni Tayyib?

 

Ndugu msomaji, mwanafunzi wa Kiislamu akiingia kantini na kukuta nyama, swali lake la kwanza ni hili: nani kachinja? Ni swali la haki. Lakini akiletewa samaki, swali linakwisha papo hapo. Samaki hachinjwi, ni halali, bismillah. Ndiyo maana samaki anafaa kutupimia jambo tunalolipita mara nyingi. Katika Suratul Baqara, aya ya 168, watu wanaamrishwa kula kilicho halali na pia kilicho tayyib. Je, samaki aliye halali anaweza kukosa sifa ya pili?

Wengi wetu tukisikia tayyib tunaufikiria mwili wa mlaji, na hatukosei. Mwili ni amana, na Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa una haki juu ya mwenyewe. Anayeishi kwa chipsi na soda wiki nzima, hali ana uwezo wa kupata maharage, mchicha na dagaa kwa bei ile ile, anaipunja amana hiyo. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vinane hadi tisa vya chai. Hakuna mufti atakayeiharamisha, lakini kuinywa asubuhi na jioni ni jambo la kujiuliza.

Hata hivyo, wafasiri wanapoeleza tayyib hutaja pia kitu kisicho na madhara, na kanuni ya fiqhi inayokataza kudhuru na kudhuriana haimlindi mlaji peke yake. Hapo inabidi tutoke kantini tumfuate samaki hadi anakotoka.

Tuchukue Ziwa Mweru, lililo mpakani mwa Zambia na Kongo. Upande wa Zambia, katika mkoa wa Luapula, upo mji wa Nchelenge na soko la Kashikishi. Huko dagaa wanaitwa chisense. Huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa juani, kisha husafirishwa hadi miji ya migodi ya Copperbelt na kwingineko. Biashara hiyo iliyokua katika miaka ya 1980 imewapa wanawake wengi mtaji wao wenyewe.

Dagaa huliwa mzima, na kichwa na miiba yake, kwa hiyo humpa mlaji protini, chuma, zinki, vitamini A na chokaa ya mifupa. Ugali wa ufukweni, ambao wenyeji wanauita ubwali, mara nyingi ni wa muhogo. Muhogo hushibisha lakini una protini kidogo mno. Ugali huo ukikutana na dagaa na kisamvu, mtoto amekula. Ukibaki peke yake, ameshiba tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 35 ya watoto wa Zambia walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Luapula ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika zaidi. Mkoa wenye ziwa na mto umejaa samaki, na watoto wake wanadumaa! Sababu za udumavu ni nyingi, maradhi yakiwemo, lakini moja tunaihusu sisi walaji wa mbali: dagaa ni fedha, na fedha huenda mjini.

Kuna na madhara ya pili. Zamani samaki mashuhuri wa huko alikuwa mpumbu, aliyepanda Mto Luapula kila masika kutaga mayai. Watu walimtega njiani, tena kwa kuyapenda mayai yenyewe, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa ameadimika. Leo Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi, Mweru likiwemo, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Wapo wanaovua hivyo hivyo. Katika maziwa mengi ya Afrika, ya Zambia yakiwemo, wapo wanaokokota hata vyandarua vya mbu, vinavyozoa vifaranga. Nchelenge ni wilaya yenye malaria kali. Chandarua kikienda ziwani, mtoto analala bila kinga ili mtu mwingine apate kitoweo. Samaki huyo bado ni halali, lakini mimi sithubutu kumwita tayyib.

Utasema: mvuvi ni maskini, unamhukumu ukiwa umeshiba? Simhukumu. Allah haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake, na mzazi anayetafuta dawa ya mwanawe mwezi wa Januari ana hesabu yake mbele ya Mola. Ninayemuuliza ni mwenye nafasi ya kuchagua, na huyo ni mimi na wewe. Utasema tena: tukiacha kununua, mama wa Kashikishi atakula nini? Kweli kabisa. Kususa si dawa. Nunua, lakini muulize muuzaji samaki katoka wapi, kavuliwa lini, na mbona ni kifaranga. Muuzaji anayeulizwa kila siku ataanza kumuuliza anayemletea.

Na tusisahau jirani. Sahaba Abdullah bin Amr alipochinjiwa mbuzi, aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Hakuuliza dini yake. Tangu mwaka 2018 wilaya ya Nchelenge ina makazi ya Mantapala, ya wakimbizi waliotoka Kongo, watu waliowekwa karibu na ziwa lile lile. Kila mji una Mantapala yake, na kila chuo kina mwanafunzi anayelala na njaa mwisho wa mwezi.

Basi tuanze na futari zetu. Jumuiya hupika pilau ya kumwaga, na asubuhi sufuria zinaoshwa pamoja na nusu ya chakula. Mtume (s.a.w.) ametuelekeza tuache theluthi ya tumbo kwa maji na theluthi kwa pumzi. Napendekeza kamati ya chakula ipunguze nyama na soda, iweke dagaa, mboga na matunda, na fedha itakayobaki iwe mfuko wa wenzetu wasio na chakula. Mwili utapona, na jirani atakula.

Allah atujaalie tule halali iliyo tayyib. Wallahu a'lam.