Mafunzo Hewa

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ikitoka, wengi wetu huisoma kama matokeo ya mechi: nani kafungwa, na ni ngapi. Tunatafuta tarakimu yenye sufuri nyingi, tunapiga skrinshoti, tunaituma kwenye grupu. Mtu anajibu na emoji ya kucheka. Halafu kila mmoja anarudi kutafuta kazi.

Mimi siku hizi najiuliza kuhusu kitu ambacho hakina tarakimu kabisa. Nazungumzia wanafunzi wa atachi.

Kwanza tuelewane mkaguzi hufanya nini. Kifungu cha 229 cha Katiba ya 2010 kinamtaka aseme kama pesa za umma zilitumika kisheria na kwa njia yenye manufaa. Kwa hivyo anaomba karatasi: vocha, risiti, mkataba, hati ya kupokea mzigo. Anauliza maswali ambayo hata mama mboga anayaelewa. Pesa ilitoka? Kitu kiliingia? Nani alitia sahihi? Kisha anatoa maoni yake: hesabu ni safi, au zina walakini, au ni mbovu, au ushahidi ni mdogo kiasi kwamba hawezi kusema lolote. Na ugonjwa anaoukuta mara kwa mara tumeupa jina zuri kuliko lolote lililo kwenye vitabu vya uhasibu: hewa. Wafanyakazi hewa. Miradi hewa. Karatasi ipo, kitu hakipo.

Sasa ingia kwenye ofisi yoyote ya umma, ya wizara, ya kaunti ama ya shirika la serikali. Yule kijana aliyeketi kwenye kiti kisicho na meza, amekumbatia faili, ni wa atachi. Bila hizo wiki nane au kumi na mbili hatahitimu. Ofisi nyingi hazimlipi chochote. Nauli ni ya mzazi, chakula ni cha mzazi, na chuo nacho kinahesabu muhula huo kwenye karo. Akiuliza, anaambiwa malipo yake ni ujuzi.

Nilikuwa mmoja wao, kwenye shirika moja ambalo sitalitaja, wiki ambayo wakaguzi walikuja. Tulikuwa wanne. Sisi ndio tuliopanga vocha kwa nambari, tukatoa vumbi kwenye maboksi, tukapiga fotokopi mpaka mashine ikapata moto. Wakaguzi wakiita faili fulani, sisi ndio tuliokimbia ngazi. Walikuwa watu makini, sina neno nao. Waliuliza kuhusu matairi, kuhusu mafuta ya magari, kuhusu kiti kimoja kilichoandikwa kwenye rejista na hakionekani. Swali pekee nililoulizwa mimi kwa wiki nzima ni kama nimeona stepla.

Kiti kilikuwa na nambari kwenye rejista. Sisi hatukuwa nayo.

Hilo si kosa la wale wakaguzi. Vitabu vya hesabu vinaona pesa inayotoka. Kazi iliyoingia bure haiachi alama popote. Tena inaifanya ofisi ionekane imebana matumizi: mafaili yamepangwa, data imeingizwa, na gharama ni sufuri. Lakini sufuri hiyo si kwamba hakuna aliyelipa. Mama wa mtu kule Kakamega au Kitui ameuza kuku ili shirika la serikali lipate karani wa miezi mitatu.

Najua jibu, na ni jibu la maana. Mwanagenzi hujifunza, na kujifunza ni malipo. Zaidi ya hayo, mwanafunzi asiyejua kitu ni mzigo. Kuna mtu anaacha kazi yake ili amwelekeze. Nakubali. Nenda Kamukunji, pale mabati yanapogeuzwa masanduku na majiko. Kijana anaanza kwa kushika bati fundi akigonga. Miezi ya kwanza hapati kitu cha maana. Lakini baada ya mwaka, ama anajua kutengeneza sanduku ama hajui, na mteja ataligundua hilo kabla ya saa sita mchana. Soko lenyewe linamkagua fundi.

Basi tuchukue jibu hilo kwa uzito wake wote. Kama malipo ni mafunzo, mafunzo ni deni. Shirika la umma limepokea kazi na linadaiwa kitu. Vocha ya deni hilo ni ipi? Ni logibuku, kile kitabu ambacho mwanafunzi huandika kila siku alichofanya na msimamizi anatia sahihi. Angalia sasa vocha hii imekaaje. Anayedaiwa ndiye anayethibitisha kwamba amelipa. Anayedai ndiye anayeiandika, na anahitaji alama ili ahitimu, kwa hivyo hawezi kuandika kwamba hajalipwa.

Jamaa yangu mmoja alikaa wiki tatu akibeba faili kutoka ghorofa moja hadi nyingine, na saa nne akitumwa chapati. Msimamizi alipoona kurasa ziko tupu akamwambia, bila ubaya wowote, “Andika kitu kizuri hapo, chuo wataona nini?” Akaandika kwamba ameshiriki katika usimamizi wa kumbukumbu za idara. Ikapigwa mhuri. Mhuri ni halisi, sahihi ni halisi, tarehe ni halisi. Kilichokosekana ni mafunzo tu.

Hayo ni mafunzo hewa. Ukikuta karatasi kama hiyo kwenye ununuzi wa kompyuta, kuna mtu ataitwa mbele ya kamati ya Bunge.

Je, huyo jamaa ni mwongo? Nimelifikiria swali hili sana, na nadhani tunamuuliza mtu asiyefaa. Kuna kibarua wa mjengo anayetia sahihi ya shilingi 700 na kupewa 500, kwa sababu asiposaini kesho hana kazi. Sahihi ni yake, uongo ni wa aliyeshika karatasi. Uongo unaoandikwa na asiyeweza kukataa una mwenyewe, na mwenyewe si yule aliyeshika kalamu.

Lakini kuna jambo linalonisumbua zaidi ya haki ya malipo. Ile ofisi ilimfundisha jamaa yangu kitu hata hivyo. Ilimfundisha kwamba karatasi ikikamilika, jambo limekamilika. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema wazee, na sisi tunakunjwa tukiwa na miaka 21. Siwezi kudai kwamba kila aliyejaza logibuku hewa atakuja kusaini hati ya mzigo ambao haukufika. Ninachosema ni kwamba siku atakapowekewa hati hiyo mezani, haitakuwa mara yake ya kwanza, na mara ya kwanza alipigiwa mhuri na serikali.

Utaniambia mabilioni yanapotea na mimi nalilia chapati. Sawa, hebu tuangalie wenzetu waliopata kusikika. Madaktari wanagenzi walibishana na serikali mwaka 2024 kuhusu takriban shilingi 206,000 za mkataba wa 2017 dhidi ya 70,000 ilizotaka kuwalipa. Suala la walimu wanagenzi lilifika mahakamani, na Aprili mwaka huohuo mahakama ya ajira ikaamua kwamba mpango ule ulikiuka haki zao za kazi. Hao walikuwa wamehitimu, na walikuwa na tarakimu ya kupigania. Mtu wa atachi hana tarakimu, na asiye na tarakimu hana hata pa kuanzia kugombana.

Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema mizigo na manufaa ya matumizi ya rasilimali yagawanywe kwa usawa kati ya kizazi cha sasa na vijavyo. Huwa tunakitaja tukizungumzia madeni ya nje. Kinahusu pia kile kiti kisicho na meza.

Ofisi ya Mkaguzi Mkuu tayari hufanya ukaguzi wa utendaji, ule usiohesabu pesa peke yake bali unauliza kama kazi ilifanyika vizuri. Humo kuna nafasi ya maswali matatu. Shirika hili lilipokea wanafunzi wangapi? Nani aliwafundisha nini? Wenyewe wanasemaje, msimamizi akiwa nje ya chumba? Hayahitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Najua ripoti huchelewa na Bunge hulala juu yake. Hata hivyo, kinachoandikwa na kulaliwa kinaweza kuamshwa. Kisichoandikwa hakina hata mahali pa kulala.

Mimi chuo niliachana nacho baadaye, karo iliponishinda, kwa hivyo hakuna alama za kunitishia nazo. Walio ndani hawawezi kuyasema haya kwa majina yao.

Mwezi wa tano kundi jingine litaingia maofisini na barua zao mkononi. Kama ni wewe, beba daftari la pili, la shilingi 20. Humo andika ukweli: saa ulizofanya kazi, kazi yenyewe, nauli uliyotumia, na jina la aliyekufundisha siku aliyokufundisha, maana wapo wanaofundisha kwa moyo na wanastahili kuandikwa. Usimwonyeshe mtu. Kwa sasa hakuna atakayeliomba. Liweke tu.