Lott Carey na Masazo ya Tumbaku

Kila nisikiapo mtu akijitetea kuwa hana kitu cha kumtolea Mungu, humkumbuka Lott Carey, mtumwa aliyezaliwa karibu na mwaka 1780 katika jimbo la Virginia, Marekani, ambaye safari yake ya kuwa mchungaji na kiongozi wa umisheni ilianzia katika masazo ya tumbaku. Mwaka 1804 bwana wake alimkodisha mjini Richmond, akawa kibarua ghalani. Na simulizi za ujana wake hazimsitiri, kwani zasema alikuwa mlevi mwenye ulimi mchafu. Mwaka 1807 alisikia mahubiri juu ya Nikodemo, yule aliyemwendea Yesu usiku, na maneno yale yakamwingia moyoni hata akatamani kuyasoma kwa macho yake mwenyewe. Akapata Agano Jipya, akajifunza herufi katika sura hiyohiyo ya tatu ya Yohana, akabatizwa katika kanisa la Kibaptisti.

Elimu ile haikukaa bure. Katika ghala iliyojaa mapipa ya tumbaku, Carey alijua kila pipa lilipo na mwenyewe ni nani, na tajiri akitaka lake alilitoa bila ya kubahatisha. Kwa uaminifu huo walimtunuku fedha mara kwa mara, tena wakamruhusu kukusanya vipande vya tumbaku vilivyosazwa akaviuza kwa faida yake, hata mwaka 1813 akatoa dola 850 akajikomboa yeye na watoto wake wawili, ambao mama yao alikuwa amekwisha kufariki. Bei ile hunisumbua kila niikumbukapo: baba kuwanunua watoto aliowazaa mwenyewe ni dhuluma isiyohalalishwa na hesabu yoyote, na sifa ya Carey katika tendo hilo haiwatakasi hata kidogo waliopokea fedha zake.

Mwaka 1815, pamoja na Collin Teague, na kwa msaada wa mzungu mmoja, William Crane, aliyekuwa akiwafundisha usiku, alianzisha chama cha umisheni kwa ajili ya Afrika. Wengi waliokichangia walikuwa watumwa, au watu ambao uhuru wao ulikuwa mbichi bado. Nao katika miaka mitano wakapata kiasi cha dola 700, senti juu ya senti, kwa ajili ya bara ambalo wengi wao hawakutaraji kulitia machoni. Waajiri wake wakaahidi kumwongezea ujira ili abaki. Alikuwa na shamba dogo, alikuwa na wasikilizaji wengi; lakini alijua kwamba katika nchi ile rangi yake ingetangulia mbele ya kila fadhila aliyokuwa nayo, na Januari 1821 akapanda merikebu kwenda Sierra Leone.

Huko akafiwa na mkewe wa pili. Mwaka uliofuata akavuka na walowezi wa kwanza mpaka Liberia, akawa mchungaji wa kanisa la Providence mjini Monrovia, akauguza wagonjwa kwa maarifa aliyoyapata katika kuuguza kwenyewe, akafungua shule. Mwaka 1828, mkuu wa koloni, Jehudi Ashmun, alipoondoka kwa maradhi, mzigo wote wa utawala ukamwangukia Carey. Kulikuwa na ugomvi na wenyeji, nao walowezi wakahofia vita. Usiku mmoja wa Novemba, Carey na wenzake walipokuwa wakitengeneza viasi vya bunduki, mshumaa ukaangukia baruti. Akafariki tarehe 10 ya mwezi huo.

Mwaka 1897 Wabaptisti weusi wa Marekani waliunda shirika la umisheni wa ng'ambo wakaliita kwa jina lake, na sioni jina lililostahili zaidi. Hata hivyo siuruki usiku ule. Mtu aliyeikomboa nafsi yake ili awaletee watu wa pwani ile Injili, mauti yalimkuta akiandaa risasi za kuwapigia watu hao hao, juu ya ardhi iliyokuwa yao kabla ya merikebu yoyote kutia nanga. Alikuwa na wanawake na watoto wa kuwalinda, najua. Wenyeji nao walikuwa na wao. Ningalipata kumwuliza neno moja, nisingalimwuliza juu ya tumbaku wala juu ya dola 850, bali juu ya baruti ile, na naamini yeye, aliyejifunza kusoma kwa sababu ya swali la Nikodemo, asingalikasirika kuulizwa.