Nyumba ya Kupumzikia

Tumeulizwa na ndugu mmoja, raia wa Uingereza, atakaye kununua nyumba Likoni apate kuja kupumzika mwezi mmoja kila mwaka: je, akiisha kupata hati, amemaliza?

Kwa sheria, Katiba ya 2010 humruhusu mgeni kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Hayo wakili atamweleza. Sisi twamtaka aulize: ni nani waliokaa hapo? Kwani Likoni, Kisauni na Changamwe wengi wana nyumba bila ardhi. Ukuta wao, udongo wa mwingine. Wengine wamezaliwa hapo, wazee wao wamezikwa hapo, na mwenye hati hawajapata kumwona. Sheria ya 1908 ilitaka kila mtu alete madai yake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Wangapi walipata habari?

Basi akiambiwa kiwanja ni kitupu, na aende mwenyewe kwa miguu, atazame minazi na makaburi, aulize majirani. Akikuta watu, asinunue mpaka waridhishwe mbele yake, si kwa ahadi ya dalali (ahadi za madalali twazijua), hata kama korti yamruhusu kuwatoa. Na akijenga, njia ya wavuvi ya kushukia pwani asiizibe kwa ukuta.