Usafi wa Kadi na Haki ya Mkono wa Pili

Miongoni mwa mas-ala madogo ambayo zama hizi zimeyaleta mbele ya mafakihi na matabibu kwa pamoja, yako ambayo mtu huweza kuyacheka kwa udogo wake, nayo ni haya: kadi ya benki isafishwe kwa kitu gani, isafishwe mara ngapi, na ikisha kupanguswa kwa spiriti, je, mwenye kuitia mfukoni mwa kanzu akasimama msikitini huwa amesali hali amebeba najisi? Maulizo ya namna hii yalizidi mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea ulimwenguni na kila kilichopita katika mikono miwili kikatiliwa shaka. Hofu ile imekwisha pungua, ila suala halijafa, kwani ndani yake mna jambo kubwa kuliko kadi: tunaposafisha, twamsafishia nani?

Muulizaji hakuwa mjinga wala mpenda ubishi. Waislamu wa pwani yetu aghalabu ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi mbele ya mashehe wao, kila kimiminika chenye kulevya kimehesabiwa katika najisi. Na madhehebu hayo hayo yahukumu kuwa abebaye najisi katika sala, ijapokuwa haikumgusa mwili, sala yake haisihi. Lakini fikihi ni bahari yenye pwani nyingi. Rabia, mwalimu wa Imamu Malik, aliona kuwa uharamu wa mvinyo u katika kuunywa, wala dhati yake si najisi. Na wengi katika wanavyuoni wa leo wamesema kuwa spiriti ya kusafishia, ambayo haikutengenezwa ili inywewe, na ambayo humdhuru mwenye kuinywa, haiingii katika hukumu ya mvinyo. Tena ziko spiriti ambazo asili yake ni mafuta ya petroli, si zabibu wala tende. Basi mwenye kadi na asali kwa utulivu. Na ambaye moyo wake haukutulia, kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya sabuni kisha kikakamuliwa kitamtosheleza, maana sabuni huyeyusha mafuta yaliyovizunguka virusi vingi, navyo vikaharibika.

Ama kazi yenyewe, ni nyepesi kwa ajuaye maumbile ya kitu alichokishika. Kadi ni kipande cha plastiki ambacho unene wake haufiki milimita moja. Juu yake pana kibati kilichopakwa dhahabu, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu, na chini ya kibati hicho imo chipu itunzayo siri za mwenyewe. Kitambaa laini chenye spiriti ya asilimia 70, kibichi kisichochuruzika, kipitishwe pande zote mbili, kisha kadi iachwe ikauke yenyewe. Asilimia 70 huua vijidudu vizuri kuliko spiriti kali isiyo na maji, kwa sababu maji huichelewesha isiruke upesi, tena huisaidia kuziharibu protini za vijidudu. Kadi isirowekwe, isisuguliwe kwa mchanga wala steelwaya, wala isitiwe dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo hula plastiki. Utepe mweusi wa nyuma hauogopi spiriti; huogopa sumaku na mikwaruzo.

Hayo ni ya mkono. Ya moyo ni mazito zaidi, kwani kila aanzaye kusafisha kwa hofu hukosa mahali pa kukomea. Mwezi wa Machi 2020 wataalamu wa Marekani walitangaza kuwa virusi vya korona, katika maabara, vyaweza kuonekana vingali hai juu ya plastiki hata baada ya saa 72, na watu wakaanza kuosha noti, vitasa na pakiti za unga. Aprili 2021 taasisi ya nchi hiyo hiyo inayodhibiti maradhi ikaeleza kuwa hatari ya kuambukizwa kwa kugusa mahali palipo na virusi hivyo kwa jumla ni chini ya moja katika 10,000. Mwenye kusoma habari hizi mbili kwa pamoja atakumbuka kanuni ya mafakihi, kwamba yakini haiondoshwi na shaka, na kwamba asili ya vitu ni twahara mpaka uthibiti uchafu wake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya siri za twahara aliipanga katika daraja nne, ya kwanza ikiwa ni ya mwili na ya mwisho ikiwa ni ya siri ya ndani kabisa, akawalaumu wale ambao umri wao hupotea katika daraja ya kwanza.

Hapa mhubiri atavutwa kusema kwamba uchafu wa kweli wa kadi ni riba na mali ya dhuluma inayopita ndani yake. Neno hilo ni la haki, ila kulisema hapa ni kulikimbia suala, maana hata mali ya halali hupita katika kadi chafu, na mchuuzi mwadilifu aweza kumwambukiza jirani yake.

Nionavyo mimi, shaka ni ya namna mbili, na kosa letu ni kuzitendea kwa hukumu moja. Shaka inayohusu twahara yangu mimi, iliyo baina yangu na Mola wangu, naamriwa niitupe, kwani kuifuata ni wasiwasi. Lakini shaka inayohusu madhara ya mwenzangu siruhusiwi kuitupa kwa wepesi huo. Mwenye kisima njiani hangoji yakini ya kuwa mtoto atatumbukia ndipo akifunike. Najisi ni jambo la mja na Muumba. Maradhi ni jambo la mja na mja, na haki za waja hazisameheki mpaka wenyewe wasamehe.

Sasa tazama ni nani aipokeaye kadi. Ni karani wa duka, ni mtia mafuta kituoni, ni mhudumu wa hoteli, ambaye kutwa nzima hupokea kadi za watu asiowajua, wala hana hiari ya kuikataa hata moja, na adhuhuri hula chakula chake papo hapo alipo. Sisi tuliuliza kama spiriti itaharibu sala yetu, tukauliza kama mkono wake utatuletea ugonjwa. Wachache waliuliza kama mkono wetu utampelekea yeye. Suala lilikuwa sahihi, ila lilielekezwa upande usio wake.

Likigeuzwa, hukumu yake hunyoka na wasiwasi hukosa pa kukaa. Mtu mwenye afya hana haja ya kuipangusa kadi kila atokapo dukani. Kunawa mikono kabla ya kula kwamfaa zaidi, kwa kuwa ugonjwa haumwingii kwa kadi bali kwa vidole vinavyofika kinywani, puani na machoni. Lakini aliyeshikwa na mafua, au aliyeharisha usiku na asubuhi hana budi kwenda kununua dawa, huyo ndiye hasa wa kuosha mikono yake na kuipangusa kadi yake kabla ya kuitoa, hata kama yeye mwenyewe hatapata faida yoyote. Hapo kitambaa na spiriti havitakuwa tena silaha za hofu. Vitakuwa malipo ya deni, na deni hilo hulipwa kabla ya bei ya kitu kinachonunuliwa.