Hikima ya Kijiwe

Katika filamu ya La Strada, aliyoitoa Federico Fellini huko Italia mwaka 1954, Gelsomina, binti fukara ambaye mama yake amemuuza kwa lira 10,000 kwa Zampanò, jabari azungukaye mijini akikata mnyororo kwa kutanua kifua, afikapo ukingoni mwa kukata tamaa, mtembea juu ya kamba aitwaye Majinuni huokota kijiwe na kumwambia kuwa hata hicho kina faida yake, ijapokuwa aijuaye ni Mola peke yake. Kwani kikiwa bure, nyota nazo ni bure.

Kwa mizani ya mantiki hoja hii ni dhaifu, maana haithibitishi kitu: yashurutisha tu kwamba ama viumbe vyote vina hikima, ama hakuna hata kimoja. Na msemaji mwenyewe, mtu wa mzaha asiyejua kunyamaza, auawa baadaye na Zampanò kwa ugomvi wa upuuzi. Je, mauti yale nayo yana hikima? Fellini hajibu, wala sioni kwamba ilimpasa. Wako wasemao kuwa faida ya Gelsomina, aliyetelekezwa njiani akafa, ilikuwa kumliza jabari yule ufukweni. Tafsiri hiyo siiridhii, kwa kuwa yamfanya binti chombo cha toba ya mwingine, ilhali Majinuni hakusema kijiwe chamfaa nani.