Pete ya Almasi na Ukimya wa Mchumba

Vijana wengine siku hizi huvisha wachumba wao pete kabla ya arusi, na wako watamanio almasi yenye mkato wa zumaridi. Jiwe hilo ni la mstatili, pembe zake nne zimepunguzwa, na nyuso zake hushuka kama ngazi. Mkato huo ulifanywa kwanza kwa ajili ya zumaridi yenyewe, maana huvunjika upesi penye pembe. Almasi ya mviringo humetameta sana, na kumetameta kwake hufunika madoa mengi. Bali hii ya mstatili ina uso mpana kama dirisha, hata chembe ndogo ya ndani huonekana. Basi mchaguzi hana budi kutafuta jiwe safi, na jiwe safi la ardhini, kama yale yaliyogunduliwa Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940, lina bei kubwa.

Hapo ndipo jaribu huingia. Mwaka 1954 kampuni ya General Electric ya Marekani ilifaulu kutengeneza almasi kwa mitambo, na leo almasi za namna hiyo huuzwa kwa bei ya chini sana. Wala si kioo: ni kaboni ileile na ugumu uleule, hata sonara hawezi kuzipambanua kwa macho tu. Kijana anunua hiyo, amvisha mchumba wake, kisha anyamaza. Je, amekosa?

Wengine watasema hakukosa, maana hakunena uongo, na almasi ni almasi. Hoja hiyo ina nguvu. Mimi sioni aibu yo yote katika jiwe la mitambo. Lafaa kuliko deni ambalo mke atalilipa pamoja naye. (Ajabu, watu huuliza karati ngapi, nayo karati moja ni sehemu ya tano tu ya gramu, wasiulize nani atalipa.) Lakini mbona alinyamaza? Kama mawe ni sawa, kulitaja si kazi. Alinyamaza kwa kuwa ajua binti adhani jingine, naye apenda adhani hivyo. Sifa ya jiwe la ardhini ameipata bila kuilipia. Hata hivyo, binti aliyekwisha kuonyesha kwamba atampima mtu kwa bei ya pete, naye amesaidia kumfunga kinywa.

Afadhali waende dukani wote wawili, walitazame jiwe nje, katika mwanga wa mchana, na muuzaji aandike katika hati limetoka wapi. Hati hiyo akae nayo binti.